Mtihani wa Dakika Tano

Chuoni wanafunzi walifunikwa vidole kwa kitambaa cheusi. Miezi tisa Hyasinta alipiga taipureta bila kuviona, na aliyechungulia alichapwa rula. Ndiyo maana leo, baada ya miaka kumi na tisa ya kazi, hakutazama chini. Kutazama vitufe ni aibu ya mtu asiyefundishwa.

Dakika tano zilipoisha akainua uso. Kioo cha kompyuta kilikuwa kimejaa takataka, hakuna neno lililosomeka.

Shirika alilolifanyia kazi lilikuwa limeshauzwa, pamoja na maghala yake ya mtaa wa Gerezani na watu wake ndani. Mwekezaji kaleta kompyuta za mitumba, meneja mpya anayeitwa Hillary, na mtihani huu wa kupiga chapa. Ukishindwa, unapunguzwa.

“Bosi, nabonyeza A, inaandika Q.”

“Mashine haina kasoro. Kasoro unayo wewe.” Kijana wa umri wa mwanawe wa kwanza, na shikamoo hakutoa.

Sasa alitazama chini. Herufi zilikuwa zimehamishwa. Fikirini wa stoo alimwambia asubuhi, hizi zimetoka Ufaransa, lugha ya kibodi inabadilishwa mara moja, mwombe bosi. Yeye akaona haya kuomba kabla hajajaribu. Pembeni chini ya kioo palikuwa na herufi mbili ndogo, FR.

“Kibodi iko Kifaransa, bosi. Naomba ubadilishe lugha nirudie. Dakika tano tu.”

“Mmezoea kubebwa nyie. Enzi zenu zimepita.” Akaandika sifuri kwenye fomu.

Akaitwa Caroline, mdogo wa mke wa Hillary, aliyetolewa duka la vitenge Kariakoo wiki iliyopita.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba.”

Caroline akakaa, akatafuta herufi moja moja kwa kidole kimoja, kama kuku anayedonoa mtama. Dakika tano, mistari mitatu.

“Umepita,” Hillary alisema.

Mistari mitatu, jamani! Hyasinta alimchukia meneja yule. Akachukua mkoba wake.

“Mama, subiri.” Sasa amekuwa mama. “Barua za kupunguza watu zinatakiwa kabla ya saa nane. Watu thelathini na mmoja. Caroline hataweza.”

Akainama, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja. FR ikawa EN. Alikuwa anajua muda wote, mwanaharamu.

“Haya, piga.”

“Nikizimaliza, nitarudia mtihani?”

“Ukikataa naandika umegoma. Aliyegoma hapati cheti cha utumishi. Uone ofisi gani mjini hapa itakuchukua.”

Hyasinta akashusha mkoba begani. Kisha akakaa. Akaweka karatasi upande wa kushoto kama alivyofundishwa, macho yakabaki huko huko, vidole vikaenda vyenyewe. Caroline alisogea nyuma ya kiti.

“Mama, unawezaje bila kuangalia?”

Barua ya kwanza kwenye orodha ilikuwa yake mwenyewe: Unaarifiwa kuwa umeshindwa kufikia kiwango cha upigaji chapa kinachotakiwa na kampuni. Printa ikaitoa. Hillary akaisoma mstari kwa mstari, kalamu nyekundu mkononi, hakuona pa kusahihisha, akabadilisha kalamu na kutia saini.