Kuku wa Bwana Suhaib

Khairat alikuwa amekaa dawati la nyuma akimnyonyesha mwanawe Ummkulthum, mgeni alipoingia darasani. Mwalim Masoud alikuwa amewaahidi wanawake wa kikundi cha mwani, aliokuwa akiwafundisha biashara, kwamba atawaletea mtu wa hapa hapa Wambaa, aliyeunganisha mapato ya njia tofauti mpaka akainuka. Wote walikuwa na hamu ya kumwona. Akaingia Suhaib, mumewe Khairat, kanzu imenyooka kwa pasi aliyoipiga mkewe asubuhi bila kuambiwa inakwenda wapi.

"Shoga," jirani yake Time akamnong'oneza, "kumbe nyumbani kwenu kuna chuo na hutwambii?"

Suhaib akasafisha koo. Alisema mtu asitegemee mlango mmoja wa riziki. Yeye ni mwashi, anajenga nyumba za watu Chake Chake, lakini kazi ya ujenzi leo ipo na kesho haipo.

"Nikaona nifuge kuku," akasema. "Mayai yakanipa kamba za kufungia mwani. Mwani mkavu nikaona tunapunjwa, nikaanza kuutia kwenye sabuni. Sabuni ndizo zilizonipa pikipiki, na pikipiki nimempa mtu anaendesha, jioni ananiletea changu."

Masikio ya Khairat yakawaka moto. Kuku wale walianza na tetea mmoja aliyepewa na mama yake alipotoka arubaini ya mtoto wa kwanza, yule ambaye Mungu alimchukua. Mwani aliufunga yeye, mimba ya Ummkulthum tumboni, maji kiunoni. Sabuni alizipika yeye, na mwani wake akautwanga kinuni mpaka viganja vikachunika. Suhaib hata harufu ya jungu lile hakuitaka ndani.

Na pikipiki haikutoka kwenye sabuni hata kidogo. Kuku walipoanza kutaga, Suhaib aliacha kuleta kitoweo. Mwani ulipouzwa, akaacha kuleta mchele. "Wewe una chako sasa," alimwambia, kama anayempongeza, na Khairat kwa mapenzi yake akaona kweli amesifiwa. Kila alipoongeza, mwenzake alipunguza, na kile alichokipunguza ndicho kilichonunua pikipiki.

Hayo alikuwa ameyameza. Lakini juu ya meza ya Mwalim palikuwa na boksi la mashine ya kusagia mwani. Kikundi kizima kilichanga kuinunua, na siku ile ingekabidhiwa mtu mmoja wa Wambaa, hata kama si wa kikundi, mwenye mradi uliosimama, awasagie wanakikundi kwa malipo. Khairat alikuwa ameiomba. Usiku, mtoto akishalala, alikuwa akiiwaza mashine ile kama mtu anayewaza safari.

"Nadhani sote tumeona nani anaistahili," akasema Mwalim. Makofi yakapigwa.

Khairat akasimama, mtoto begani. "Mwalim, nina neno. Bwana huyu ni mume wangu."

"Tunajua, Bi Khairat. Hongera."

"Hongera mpe yeye. Amesema kuku wake, mwani wake, sabuni zake. Mie simbishii mume wangu mbele za watu. Namkabidhi. Kesho maji yanakupwa alfajiri, ataingia yeye baharini, mie nitalala."

Darasa likaangua kicheko. Suhaib naye akacheka, kwa meno tu. "Mama Ummkulthum ana mzaha. Kaa, tutazungumza nyumbani."

"Nyumbani hukuyasema haya. Umekuja kuyasemea huku."

Mwalim akavua miwani. "Bwana Suhaib, hebu tusaidie. Vitu hivi hasa ni vya nani?"

"Vya nyumba. Mume na mke si kitu kimoja?"

"Mie nimo majini kila bamvua, maji yakikupwa mbali," akadakia Time, "na sijaiona hiyo nyumba imepandisha kanga ikaingia."

"Na pikipiki?" akauliza Khairat. "Nayo ya nyumba? Changu huwa cha nyumba, chako huwa chako. Dini imekwambia unilishe hata nikiwa nimelalia dhahabu. Sikukudai mchele, nilinyamaza. Leo na jina langu ulichukue?"

Mle darasani mlikuwa na wake wa karibu wanaume wote ambao Suhaib hukaa nao barazani, na wake hao wote walikuwa wakimtazama mdomoni.

"Mwandike mke wangu," akasema chini chini.

"Mkeo ana jina," akasema Khairat.

Suhaib akamgeukia Mwalim. "Khairat binti Nyange. Kuku wake, mwani wake, sabuni zake."

"Na chakula?" Time akauliza.

"Hilo si la darasa," akasema Mwalim.

"La darasa hasa," akajibu Khairat. "Unatufundisha kuhesabu mapato, na huulizi nani analisha?"

Mwalim akachukua kalamu. Akaandika jina, akalisogeza boksi mbele. Lilikuwa zito, na Khairat alikuwa na mtoto. Suhaib akajongea, akasimama mbele yake kama mtu anayebisha hodi.

"Umeniaibisha, Khairat."

"Nimesema kilicho changu tu. Aibu umekuja nayo."

Akainama, akalishika boksi. "Basi nikubebee?"

"Beba," akasema Khairat, akimfunika mwanawe kichwa kwa upande wa kanga. "Ujira wako utaupata, kama mpagazi yeyote."