Kusoma kwa Mwendo wa Cherehani

Mwalimu alisema mambo mawili, shangazi akaondoka na moja.

"Mtoto anaelewa anachosoma, hilo halinipi shida," mwalimu alisema. "Shida ni mwendo. Kwenye mtihani wa kusoma kila mmoja ataingia peke yake, atasoma kwa sauti huku saa inahesabu, halafu ataulizwa maswali. Akifeli, atarudia darasa. Msaidie aongeze mwendo kidogo, ila usije uka..."

Lakini shangazi alikwisha kusimama. Geti la kiwandani halimsubiri mchelewaji.

Na kwa habari ya mwendo, wewe mwalimu ungemfundisha nini? Yeye alikuwa fundi wa kola. Shati la kiwandani hupita mikono mingi: huyu mfuko, yule vifungo, mwingine mkono. Shangazi aliletewa kola, akashona kola, akasukuma kola. Shati zima hakuwahi kuliona, wala hakulihitaji. Wenzake walimwita Radi.

Jioni ile akamketisha mtoto wa kaka yake kando ya cherehani ya nyumbani. Alimlea tangu kaka yake alipofariki, na kumwona akirudia darasa kungekuwa sawa na kumwangusha marehemu.

"Soma."

Mtoto akasoma. Hadithi ilikuwa ya mzee aliyeuza mbuzi wake wa pekee. Alipofika kwenye nukta akainua kichwa.

"Shangazi, kwani alimuuza kwa nini? Si alimpenda?"

"Mbuzi ni wako?"

"Hapana."

"Basi unamlilia nini? Endelea."

"Lakini huyo mbuzi alijua anauzwa?"

"Mama yangu! Nikiuliza kila kola inakwenda shingo ya nani, nitashona ngapi? Sikiliza. Mguu ukishakanyaga, hauinuki mpaka mwisho wa mshono. Nukta ni kifundo tu, pita juu yake."

Mtoto akacheka. Siku za mwanzo alicheka sana. Shangazi alikanyaga cherehani, naye alisoma kwa mlio wake. Mguu ukiongeza kasi, ulimi nao ukaongeza. Kila alipoinua kichwa, shangazi aligonga meza kwa pete ya kushonea. Ko! Kichwa kikashuka. Baadaye hakikuinuka tena, na shangazi akaona kazi imeiva. Kule kiwandani akajigamba mpaka mshona vifungo akamtania, "Radi, mwisho utamshonea huyo mtoto na mota mdomoni!"

"Wivu hauna dawa, bibi wee," alijibu, na wote wakaangua kicheko.

Siku ya mtihani walezi walikaa kwenye benchi nje ya darasa, chini ya dirisha lililo wazi. Sauti ya mtoto ilipoanza, shangazi akajua hakuna wa kuishinda. Ilikwenda moja kwa moja, haikukwama, haikupumua. Baba mmoja kando yake akageuka kumtazama. "Wa kwako huyo?"

"Wa kwangu," shangazi akasema, shingo imenyooka.

Ndani, msimamizi akauliza, "Vizuri. Sasa niambie, yule binti wa kwenye hadithi alirudi nyumbani kwa nini?"

Kimya.

"Nani alikuwa akimsubiri mlangoni?"

Shangazi aliona vidole vyake vimekamata ukingo wa benchi.

"Kuna jambo lolote unalolikumbuka?"

"Naweza kuisoma haraka zaidi," mtoto akasema. "Nikupe tena?"

Shangazi aliingia bila kubisha hodi.

"Samahani, mwalimu. Anaelewa huyu! Huelewa kuliko sisi wote. Mimi ndiye niliyemharibu, nilimkataza kusimama. Mpe nyingine, asome taratibu."

Msimamizi, mwanamume mpole mwenye macho yaliyochoka, akaweka kalamu chini. "Dada, nakuamini. Lakini hapa napima mtoto, sipimi mlezi. Na wote wanasoma mara moja tu."

Majibu yalipotoka, watoto wenzake wakapanda darasa, yeye akabaki.

Walirudi nyumbani kwa miguu, mtoto mbele, shangazi nyuma.

Mtoto akasimama ghafla njiani.

"Shangazi, nilikosea wapi? Sikusimama hata mara moja."

"Hukukosea."

"Sasa mbona nimefeli?"

Shangazi akachuchumaa vumbini na gauni lake la kutokea, macho yao yakawa sawa. Alitaka kumweleza kila kitu, tangu kwa mwalimu aliyekatizwa.

"Nilikufundisha ninachokijua," akasema. "Nacho hakikuwa kusoma."

Akasubiri. Mtoto yule wa zamani angemuuliza: kwa nini, shangazi? Kwani kilikuwa nini? Huyu aliitikia kwa kichwa tu, kama aliyeagizwa, akageuka na kuendelea na njia, upesi upesi, bila kutazama kando.