Podo la Ngozi la Garth

Marlys Heikkinen alijua mwanawe ameshapotea pale tu alipomwona analinusa podo. Lilikuwa la ngozi, la kubebea mishale, la kufungwa ubavuni mwa upinde, na Garth, mwanamume wa miaka ishirini na mitatu mwenye ndevu na leseni ya lori, alilinusa dukani mbele za watu kama anayenusa shingo ya mchumba.

"Garth, weka hicho kitu chini."

"Mama, hebu nusa kwanza."

"Sinusi. Vichwa vya mishale vinafunikwa na nini?"

Havikufunikwa na kitu. Juu palikuwa na mkanda wa ngozi wenye vitundu vitano vya kubana mishale, chini vivyo hivyo, basi. Vichwa vitano vyenye makali ya kunyolea ndevu vingekaa wazi vikikutazama usoni. Kwenye rafu ya pili palikuwa na podo jingine, lenye kofia ndefu ya plastiki iliyojazwa sponji ngumu. Mshale ukizamisha kichwa humo, haumkwaruzi mtu. Lakini lilikuwa baya, tusidanganyane. Lilifanana na kopo la kuogeshea mbwa.

"Chukua hili," Marlys akasema.

"Plastiki kwenye upinde wa mti? Kambini wawindaji wenzangu watanicheka mpaka nihame Michigan. Tena linalia hilo. Kulungu akisikia 'kwaruu' moja tu, huyo, Kanada!"

"Afadhali kulungu aende Kanada kuliko wewe uende hospitali."

"Mama, wewe unaogopa hata uma."

Muuza duka akacheka. Marlys alimwangalia mzee yule, akahesabu vidole vyake, vikawa vinane na nusu, akaona huyu si wa kuombwa ushauri.

Podo la ngozi likaja nyumbani. Marlys alitegemea mumewe Arvo amkemee kijana. Arvo naye akalinusa.

"Ngozi ya maana hii. Lipake mafuta, mwanangu, lisije likalia baridi ikikaza."

Garth akapaka. Akapaka nje, akapaka ndani, akapaka na vile vitundu vyenyewe, mpaka ngozi ikalegea kama sikio la mbwa mzee. Akalifunga kwenye upinde, akatia mishale, akautikisa kidogo tu, taratibu. Kimya. Baba na mwana wakatazamana kwa fahari, utadhani wamemaliza kujenga kanisa.

Marlys akagusa mshale mmoja kwa kidole. Ukateleza.

"Huu haujabanwa, jamani."

"Umebanwa, Mama."

"Nimeugusa tu!"

"Basi usiuguse."

Jumamosi, wiki moja kabla ya msimu wa kuwinda, wakaenda kujaribu ulingo mpya wa kuvizia kulungu kwenye mtufaa wa uani. Garth alipanda akiwa amejifunga mikanda, upinde akauacha chini kwenye kamba ili auvute baadaye. Hilo wote wanalijua: hupandi mtini na upinde mkononi. Ila podo alilisahau huko huko ubavuni mwa upinde, limejaa.

"Toa podo kwanza!" Marlys akapiga kelele kutoka mlangoni.

"Lina mikanda minne, Mama! Nianze kufungua leo nimalize Krismasi?"

"Mwache mtoto," Arvo akasema. Alikuwa amesimama chini ya mti na ndala zake za sauna, anauongoza upinde usigonge shina.

Upinde ukapanda vizuri hadi juu ya kichwa chake, ncha ikanasa kwenye tawi. Garth akavuta kwa nguvu. Upinde ukapinduka. Mishale ikateleza mmoja baada ya mwingine, kimya kabisa, kama walivyotaka wenyewe. Minne iliingia majanini. Wa tano ulipita kwenye ndala ya Arvo, ukapita kwenye mguu, ukasimama ardhini.

Arvo akatazama chini. Kisha akatukana kwa Kifini, lugha ya babu zake ambayo haitumii kwa kazi nyingine.

Hospitalini walimshona nyuzi kumi na moja. Daktari alisema mshale ungesogea upana wa kidole, angekuwa anachechemea mpaka kaburini. Marlys alikuwa na maneno yake aliyoyatunza wiki nzima, na njiani kurudi aliyatoa yote, maili ishirini bila kituo. Garth, aliyembeba baba yake mgongoni hadi kwenye gari, aliendesha huku akikwepa kila shimo la barabara.

Jumatatu mama na mwana walirudi dukani. Garth alichukua lile podo baya bila kuambiwa, akatia mishale mitano, akalipindua kichwa chini juu ya kaunta na kulikung'uta kwa mikono miwili. Wateja wakageuka. Sponji ilitoa vumbi kidogo. Mshale haukutoka.

"Tikisa tena," Marlys akasema.

"Nimetikisa mara sita, Mama."

"Tikisa ya saba. Baba yako bado ana mguu mmoja mzima."