Siku Pampu Ilipovuta Hewa

Hiram alikuwa ameifungua pampu yote juu ya meza ya kuoshea wakati mwenzake Kemboi aliposikia lori la polisi likiingia kiwandani.

"Toka kwa mlango wa nyuma," Kemboi akasema. "Wanachukua Wakikuyu wote. Jana walikuwa shamba la jirani."

"Nitoke niende wapi? Nina pasi ya kazi."

Hiram aliendelea kuosha ringi ya mpira, ile inayozuia hewa isiingie kwenye pampu.

Ilikuwa mwaka wa 1953, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikiwasaka Mau Mau. Wawili hao walipokea maziwa katika kiwanda cha siagi karibu na Rongai. Pampu ile mpya ilivuta maziwa yenyewe kutoka tangi la chini, na kila siku ilifunguliwa ikaoshwa ili mabaki ya maziwa yasichache ndani.

Askari hawakuitazama pasi. Walimkamata Hiram, wakampandisha lorini na aproni yake.

Kemboi aliifunga pampu peke yake, akaiwasha. Ikanguruma, ikakohoa, ikavuta hewa tupu. Nje mikebe ya maziwa ilizidi kuja, na jua lilikuwa linapanda. Akaifungua tena. Ringi haikuwepo. Alipekua meza, akapekua sakafu, kisha akakumbuka ngumi ya Hiram, iliyofumbwa walipokuwa wakimvuta.

Alirukia baiskeli bila kumuaga meneja wa kiwanda.

Kwenye stesheni ya Rongai, watu walikuwa wamekalishwa chini kando ya reli. Hiram alimwona, akainuka nusu, akamrushia ringi.

"Sikujua ninayo, ndugu yangu. Mwambie Mugure niko hapa. Treni ya kutupeleka Ukikuyuni ni jioni."

Kemboi alirudi mbio. Akaiweka ringi, akamimina maji ndani ya pampu, akaiwasha. Maziwa yakapanda.

"Vizuri sana," meneja akasema.

"Simama hapa, bwana," Kemboi akamwambia, akatoka.

Mugure, mke wa Hiram, alikuwa mlangoni pa nyumba yao amembeba mtoto wao Nyakio, akiangalia barabara.

"Mama Nyakio, yuko stesheni. Twende."

Alimpakia yeye na mtoto kwenye baiskeli. Kwenye stesheni, askari akawazuia. "Ukiingia hutoki, mama. Utaenda naye."

Mugure alimtazama Kemboi, akamkaza mtoto mgongoni, akaingia.

Kemboi alizunguka nje, akikaa, akisimama, mpaka treni ikaondoka. Kesho yake meneja akamwuliza angependa kumfundisha nani ile kazi ya pampu badala ya Hiram. Kemboi akaifungua pampu, akaanza kuiosha ringi.