Wapiga Makasia Chini ya Wimbi

Mume wangu Tomezo alikwenda mji wa Edo kupeleka samaki sokoni, akarudi na picha. Si chumvi, si kitambaa: picha! Akaibandika ukutani karibu na jiko. Wimbi kubwa la buluu limejikunja kama kucha za mwewe, na chini yake mashua za kukimbiza samaki sokoni, sawasawa na ile yake. Nikamwambia wazi kwamba mimi siwezi kupika huku namtazama mume wangu anakufa.

Tena nilikuwa na langu moyoni. Nilitaka Kihachi atolewe kwenye mashua yao. Kihachi hupiga kasia nyuma ya mume wangu, na kila wakirudi huja kwetu, akala wali wetu, akanywa pombe yetu ya mchele, kisha akakoroma kwenye mkeka wangu. Aibu hana hata chembe. Nahodha humsikiliza Tomezo, neno lake moja lingetosha. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeshamfukuza Kihachi mlangoni na njaa yake.

Nikamkazia Tomezo: amtoe, la sivyo narudi kwa mama.

Alinivuta hadi kwenye picha, akaweka kidole juu ya wapiga makasia.

"Unaiona migongo? Wote wamelala juu ya makasia. Wimbi haliangaliwi. Ukiinua kichwa, hofu inakuingia, unaachia kasia, mashua inageuka ubavu. Mmekwisha wote."

Nikamuuliza hayo yananihusu nini.

"Kipupwe kilichopita mimi niliinua kichwa. Kihachi akanirukia kwa nyuma, akanikandamiza, akalishika kasia langu mpaka tukapita. Na hajamwambia mtu."

Kumbe muda wote huo nilikuwa nalala na mume ubavuni, huku namlaani aliyenirudishia.

Nilitoka mbio. Nilimkuta Kihachi kibarazani kwake, peke yake, anatafuna figili ya chumvi. Nikapiga magoti kwenye tope, paji la uso hadi chini. Nilikuwa na mengi ya kusema, lakini kilichotoka ni asante tu, na machozi.

Akatazama huku na huku, watu wasituone.

"Shemeji, inuka basi. Leo umenipikia sumu gani?"

Nikamwambia ni supu ya kombe wa baharini, na inapoa. Akanifuata, lakini mlangoni akasita. Nikamshika mkono nikamwingiza ndani. Nikampakulia yeye kwanza, kabla ya mume wangu, na Tomezo akasubiri zamu yake.