Kisima au Chetezo

Umeme ulikatika Unguja nzima wakati ambao Shaima aliuhitaji kuliko mtu yeyote, na Salem, ami yake, akaapa kwamba wakubwa wamemkatia yeye.

"Wamesikia unapika fedha, mwanangu. Hawataki kisima changu kipimwe."

Shaima akacheka. Alikuwa akifundisha chuoni, na kweli alikuwa akipika fedha: anaiyeyusha mpaka iwe chembe ndogo mno zisizoonekana kwa jicho, zinaelea majini. Kwanza chembe hutoka mviringo, na maji huwa manjano. Zikimulikwa kwa taa isiyozimwa mchana wala usiku, hujiunda upya zikawa pembe tatu, na maji yakageuka buluu. Uchafu wa chooni ukiingia, huzila zile pembe, buluu ikafa.

"Kama bangili ya fedha inavyopiga weusi," Salem alisema.

"Naam, ami. Ila hizi zinawahi."

Salem hakusoma zaidi ya chuo cha Kurani na madarasa ya mwanzo ya skuli. Kazi yake ilikuwa kutengeneza majiko ya mafuta ya taa hapo Jang'ombe. Lakini habari ya bangili aliijua. Za mkewe, Bahiya, zilipiga weusi kabla mwenyewe hajalala na tumbo la kuendesha, asiinuke tena. Nyuma ya nyumba pana kisima, anachoteka yeye na majirani, na karibu na kisima mkubwa mmoja kajenga nyumba ya kupangisha, akachimba shimo la choo. Salem alikwenda kulalamika mpaka viatu vikamwisha. Jibu lilikuwa hilo hilo: maji meupe, hayanuki, lete ushahidi.

Umeme uliporudi, maji mengi ya Shaima yalikuwa yameshaharibika. Yaliyogeuka buluu hayakupita kichupa kimoja, na mwenyewe yuko mbioni kusafiri kwenda masomoni. Hapakuwa na nafasi ya kupika mengine.

Siku ya kupima, Simai, sheha wa mtaa, alikuja na kanzu iliyopigwa pasi. Majirani wakajaa uani.

"Haya Mzee Salem, tuoneshe hiyo sihiri yako."

"Sihiri mnayo nyinyi, mnaofanya choo kisionekane."

Watu wakaangua kicheko. Shaima akaigawa buluu yake kwenye vigilasi viwili. Kimoja akakitia maji safi aliyokuja nayo; buluu ikabaki buluu.

"Ami, lete ya kisima."

Salem akatoka ndani na gudulia la udongo la Bahiya, kalishika kwa mikono miwili, limejaa. Shaima akamimina. Buluu ikapiga zambarau, ikafifia, ikaishia rangi ya chai nyepesi.

"Umeona, Simai?" Sauti ya Salem ilikwaruza. "Umeona walichomfanyia mke wangu?"

Sheha aliliinamia gudulia, akanusa. "Mbona yananukia ubani?"

Shaima akageuka. "Ami, umelifukiza?"

"Sasa nimpe mgeni maji yasofukizwa? Bahiya angenifufukia! Adui ni adui, lakini keshaingia nyumbani kwangu."

"Moshi nao una vitu vyake," Shaima alisema polepole. "Siwezi kusema kilichoila fedha ni kisima au chetezo."

"Sema kisima."

"Siwezi, ami."

"Si unajua kuwa ni kisima!"

"Nnajua. Kujua hakutoshi."

Bi Mwanakheri, jirani wa ukuta wa pili, akatikisa kichwa. "Adabu zitakuua, Salem."

"Basi jamani, leo tumepima ubani," sheha alisema, akavaa makubadhi yake. Mlangoni akageuka. "Ahsante kwa makaribisho."

Walipokwisha kutawanyika, Salem aliketi kibarazani pa uani, akalisugua gudulia kwa mchanga, kisha kwa majivu. Akawalaani waliokata umeme, akamlaani aliyechimba shimo, akawalaani wote walioketi vitini. Siku zote zile pua zao hazikusikia choo. Leo zimesikia ubani! Akasuuza, akanusa. Harufu imo. Udongo ulishainywa miaka yote ya mikono ya Bahiya, nao hautaki kuitoa. Akachota majivu mengine.

"Liache, ami," Shaima alimwambia. "Hata likitakata, sina tena cha kupimia."

Hakuliacha. Alikuwa bado anasugua aliposikia, nyuma ya ukuta, ndoo ya Bi Mwanakheri ikitua kisimani: chubwi.