Pembetatu ya Tatu

Kendra Kucera alihesabu tena, ingawa jibu alilijua. Kwenye kisanduku kilichokaa chini ya kitanda cha lori mlikuwa na pembetatu mbili.

Ni zile pembetatu nyekundu za kusimamisha barabarani gari likiharibika, ili anayekuja nyuma akuone kabla hajakuvaa. Sheria inataka tatu. Ya tatu Kendra aliinunua mwezi wa Novemba, ikapotea. Akanunua nyingine baada ya Krismasi, nayo ikapotea. Jana mchana, katika kituo cha mafuta cha Rawlins, alinunua tena, akaitia kisandukuni kwa mkono wake, akafunga na kamba juu. Asubuhi hii kamba ilikuwa vilevile, fundo lilelile. Ndani, mbili.

"Leo ndiyo siku ya mwisho," aliliambia lori. "Usinitie aibu, baba."

Kiti nacho alikikuta kimesogezwa nyuma, kama kila asubuhi, kama cha mtu mwenye miguu mirefu. Kendra alikuwa mfupi. Alikivuta mbele mpaka viatu vikagusa mafuta na breki, akawasha injini, akaingia barabarani kuelekea mashariki. Ilikuwa saa moja asubuhi, Ijumaa ya Februari, na trela halikuwa na mzigo.

Kabla ya saa kumi jioni lori namba 4117 lilitakiwa liwe ndani ya yadi ya kampuni, mjini Sidney. Hapo wiki zake mbili za notisi zingetimia, naye angekabidhi, angetiliwa sahihi, angekwenda zake akiwa na rekodi safi. Jumatatu angeanza kusomba nafaka na chakula cha ng'ombe kwa ajili ya ushirika wa wakulima, dakika kumi kutoka nyumbani. Meneja wa ushirika hakumficha: "Kazi ni yako. Ila bima yangu haimpokei dereva mwenye doa. Niletee rekodi safi." Ivy, bintiye, alikuwa na miezi saba. Wiki iliyopita alipewa simu amwone mama yake kwenye kioo, akamtazama kama anavyotazamwa mgeni, kisha akamgeukia bibi yake. Usiku ule Kendra alilia mpaka mto ukalowa.

Siku aliyopeleka barua ya kuacha kazi, mzee Delbert, msimamizi wa yadi, aliisoma mara mbili, akaikunja.

"Kuacha lori, binti yangu, si kama kuacha kazi ya dukani. Dukani unavua aproni, unaondoka. Hapa unaandika barua, unamaliza mzigo wako, unalirudisha gari pale ulipokabidhiwa. Limefagiliwa, kila kifaa mahali pake. Ukiliacha hata hatua kumi nje ya lango langu, naandika maneno mawili tu, na kampuni zote zitayasoma miaka na miaka: *ametelekeza gari*."

"Kwani wapo waliothubutu?"

"Aliyekuwa na hilohilo lako. Orrin Beck. Alileta barua kama wewe, wiki mbili kama wewe. Siku ya mwisho kaliacha maili ya 268, kule kwenye upepo. Mlango wazi, ufunguo ndani, taa za dharura zinapepesa. Mtu miaka kumi na tisa barabarani, kashindwa kuvumilia saa nne za mwisho!"

"Alikwenda wapi?"

"Wanakokwenda wote. Kadandia gari la mwenzake, kapotea. Mkewe alinipigia simu mwaka mzima, eti Orrin hatelekezi gari. Wake wote husema hivyo." Delbert alicheka kidogo, kicheko kisichofika machoni. "Polisi waliniuliza, nikawaonyesha nilivyoandika. Wakafunga daftari. Mtu aliyeacha kazi hatafutwi."

Maneno hayo ya mwisho yalimkaa Kendra rohoni kama mwiba wa samaki kooni. Leo, alipokuwa akizipita nguzo za maili moja baada ya nyingine, yalikuwa yakimchoma upya.

Baada ya maili ya 250 upepo ukaamka. Mbingu ilikuwa ya buluu, jua kali, lakini chini theluji ilipeperushwa kutoka mashambani ikivuka lami kama moshi. Kwanza ilifika kwenye matairi, kisha kwenye taa, kisha ikapanda, na buluu yote ikaondoka. Ikabaki nyeupe tupu, juu nyeupe, chini nyeupe, na mahali fulani katikati, barabara. Kendra akapunguza mwendo.

Kwenye maili ya 268 lori lilizoea kukohoa. Kila safari, mara moja tu, kisha linaendelea, na mafundi hawakuwahi kuona kasoro. Leo lilikohoa, likakohoa tena, likazima. Kendra aliliwahisha pembeni likiwa bado linaserereka. Akawasha taa za dharura, akageuza ufunguo. Kimya. Akageuza tena. Hata mlio haukutoka.

Alipiga simu yadi.

"Mzee Delbert, limezima."

"Uko wapi?"

"Maili ya 268."

Upande wa pili kalamu ilianguka mezani.

"Weka pembetatu zako," Delbert alisema, "urudi ndani. Nitatafuta fundi wa Laramie, upepo ukimruhusu. Na, dereva... usiliache."

"Sina mpango huo."

Pembetatu ya kwanza huwekwa karibu na matairi ya nyuma, ya pili hatua arobaini, ya tatu hatua themanini. Dereva ana dakika kumi tu. Kendra alivaa koti, kizibao cha rangi ya machungwa na glovu. Alipofungua mlango, upepo ulitaka kuuchukua pamoja na mkono wake. Alitazama nyuma, trela lake mwenyewe alikuwa halioni mwisho wake.

Zamani angeshuka tu. Lakini tangu Ivy azaliwe, kila jambo alikuwa akilipima mara mbili: mara moja kwa ajili yake, mara ya pili kwa ajili ya yule asiyeweza kujipimia. Akatoa mikanda minne ya kufungia mzigo, akaiunganisha, akafunga ncha moja kwenye ngazi ya mlango wa dereva na nyingine kiunoni. Akashika pembetatu zake mbili, akaanza kutembea kwa kupapasa ubavu wa trela.

Ya kwanza akaiweka. Akaendelea, uso ukichomwa na punje za theluji, akihesabu hatua kwa sauti ili asikie kitu kingine zaidi ya upepo. Thelathini na tisa. Arobaini. Akaiweka ya pili. Mkanda nao ukamkaza kiunoni, ulikuwa umeisha.

Alipoinua macho, aliiona ya tatu.

Ilikuwa imesimama mbele yake, nyekundu katika ule weupe, mahali hasa inapotakiwa kuwa. Kwanza alifarijika kama mtoto: kumbe iko! Ndipo akajiuliza ni nani aliyeiweka. Ikasogea kidogo upande wa kushoto, nje ya barabara, kama kitu kilichoshikwa na mtu anayetembea. Ikasimama, ikamngoja.

"Nani wewe?" aliita. "Dereva! Uko salama?"

Pembetatu ikainuka, ikashuka. Kama kusema, huku.

Mikono ya Kendra ilikwenda kwenye fundo la kiunoni. Baadaye hakuweza kueleza kwa nini. Hakuwa na hofu hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha alipokuja kulikumbuka. Alijua tu kwamba kazi haijakamilika, zinatakiwa tatu, na ya tatu ile pale, hatua chache. Fundo lililegea.

Mkanda ukavutwa.

Haukuwa upepo. Upepo unasukuma na kutikisa. Huu ulivutwa mara mbili, taratibu, kwa nguvu, kama mtu anayejaribu fundo kabla ya safari. Na ulivutwa kutoka kwenye lori, ambako hakukuwa na mtu. Kendra alianguka kwa magoti, akaushika mkanda kwa mikono miwili, akaliita jina la mwanawe.

Hapo upepo ukatulia. Kwa muda wa pumzi tano au sita weupe ulishuka chini kama shuka, na Kendra akaona alipo. Hatua mbili mbele yake ardhi iliishia. Chini kulikuwa na korongo lenye kina kupita kimo cha mtu, na kalavati la saruji la kupitishia maji chini ya barabara. Kwenye mdomo wa kalavati kulikuwa na kitambaa cha rangi ya machungwa kilichopauka, na juu ya kitambaa, imeegemea ukuta, pembetatu.

Kisha upepo ukarudi.

Kendra hakushuka. Aliufuata mkanda mkono kwa mkono mpaka mlangoni, akajifungia, akapiga simu polisi. Kiti kilikuwa kimesogezwa nyuma kabisa. Hakukigusa. Alikaa kwenye ukingo wake, akasema, "Ahsante, Orrin."

Afisa Tafoya wa doria alifika akiendesha kwa mwendo wa kinyonga nyuma ya gari la kusukuma theluji. Alishuka korongoni na mwenzake kwa kamba. Aliporudi alivua kofia, ingawa baridi ilikuwa ya kukata masikio.

"Ni mtu, mama. Yuko humo siku nyingi. Ameingia ndani kukwepa upepo, hakutoka tena." Alionyesha mfuko wa nailoni, ndani mlikuwa na pembetatu iliyofifia. "Glovu yake ilikuwa bado imeishika hii."

"Alikuwa anaiweka," Kendra alisema. "Gari lilizima, akashuka kuweka alama. Alikuwa kazini."

"Inaelekea hivyo." Tafoya aliufungia mfuko ule kwenye buti ya gari lake; Kendra aliona kwa macho yake. Akaandika maelezo, akamwandikisha jina. Ilipofika saa tano na nusu akasema, "Barabara inafungwa nyuma yetu. Panda kwangu nikupeleke Laramie. Lori liache."

Kendra alitingisha kichwa. Alizikusanya pembetatu zake mbili na mikanda, akapanda lori, akakivuta kiti mbele, akageuza ufunguo. Injini ikawaka mara moja, laini, kama ambayo haijawahi kukohoa maishani mwake.

Aliingia lango la Sidney saa kumi kasorobo. Delbert alikuwa ofisini kwake, hajavaa miwani, karatasi za makabidhiano zimelala mbele yake. Polisi walikuwa wameshampigia, wakamtajia jina lililokutwa kwenye leseni.

"Sikujua," alisema.

"Hukuuliza, mzee."

"Mlango wazi, ufunguo ndani! Wanaacha hivyo, binti yangu. Nimewaona mia."

"Huyu aliandika barua. Wiki mbili, kama mimi. Umwandikie upya."

"Nitaandika. Jumatatu, nikizungumza na wakubwa."

"Leo. Yake kwanza, ndipo yangu."

Delbert alitazama saa ya ukutani. "Nafunga saa kumi. Ikipita, yako itasomeka umechelewa, notisi hujatimiza. Una mtoto. Utaichezea kazi ya ushirika kwa ajili ya mtu usiyemjua?"

Kendra aliiona sura ya Ivy ikigeuka kutoka kwenye kioo cha simu. Akavuta kiti, akaketi.

"Namjua," alisema. "Alinishika mkanda."

Delbert hakumwelewa, au alimwelewa sana. Akainuka, akachukua orodha ya vifaa. "Tuhesabu kwanza," alinong'ona, kama mtu anayetafuta pa kujificha. Wakatoka hadi kwenye lori. Alikagua kizima moto, minyororo, mikanda minne. Akafungua kisanduku chini ya kitanda.

"Moja," alisema. "Mbili."

Hizo zilikuwa za Kendra, bado zimelowa theluji. Chini yake kulikuwa na nyingine, kavu, wekundu wake umefifia mpaka kuwa rangi ya samli.

"Tatu," alisema Delbert.

Hakuna aliyetaka kuigusa.

Ofisini aliandika kwa mkono, pole pole, akisoma kwa sauti kama mwanafunzi: *Orrin Beck. Hakutelekeza gari. Alifariki akiwa kazini, akiweka alama za hatari.* Akatia sahihi, akaituma. Kisha akaivuta karatasi ya Kendra. Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na dakika kumi na mbili.

"Lango lilikupokea saa kumi kasorobo," alisema bila kuinua uso. "Ndiyo nitakayoandika. Ni kweli, na mimi kuanzia leo naandika yaliyo kweli."

Kendra alipokea nakala yake, akaikunja, akaiweka ndani ya koti, upande wa moyo.

"Mpigie mkewe."

"Nitamwambia nini, binti yangu?"

"Alichokuwa akikuambia mwaka mzima."

Nje, mama yake Kendra alikuwa amesimama na gari dogo, injini inanguruma, Ivy kiti cha nyuma na kofia ya sufu iliyomshuka hadi machoni. Kendra alirudi mara moja kwenye lori kuchukua blanketi lake. Alifungua mlango, akangoja.

Kiti kilikuwa pale pale alipokiacha, mbele kabisa, mahali pa miguu mifupi.

Aliufunga mlango kwa upole, kama anavyoufunga mtu aliyemlaza mtoto, akaupeleka ufunguo ofisini. Delbert alikuwa na simu sikioni. Ilikuwa ikiita.